Uliza Fundi: Paa la kempa limelala kona moja, nibadilishe shokapu?

Mwezi huu barua zilizoniijia ni za paa tupu, nadhani watu wametoka safari na kila mtu amerudi na lake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sababu ina mambo mengi ndani yake, hizo nyingine nimezipitia haraka.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina kempa ile ya kupachika nyuma ya pikapu, paa lake ni la kunyanyuka, yani ukisafiri liko chini, ukifika unasukuma juu kwa mkono na pembeni panabaki turubai. Niliinunua ikiwa imeshatumika, sa hivi ina kama miaka 12 hivi. Mwanzoni mke wangu alikuwa analiinua peke yake bila shida, siku hizi mimi mwenyewe natumia mpaka mgongo. Afu likishasimama, kona ya nyuma kushoto iko chini kama sentimita 2 ukilinganisha na ya kulia. Nikifunga, lachi (komeo la kushikia paa) ya kona hiyohiyo haishiki mpaka mtu aning'inie juu. Na kuna mlio, kraa, pale unapoanza tu kuinua. Juu nimeweka paneli mbili za sola, na ubavu wa kushoto nimefunga ile turubai ya kivuli ya kukunja, huu mwaka wa tatu, ila hizo hazijawahi kunisumbua. Fundi mmoja kaniambia shokapu za gesi (yale mabomba yenye fimbo yanayosaidia kusukuma paa juu) zimekufa, niweke nne mpya zenye nguvu zaidi halafu basi. Nimeshaanza kutafuta bei. Nimsikilize? – Mwenye paa la upande

JIBU: Marahaba. Acha kutafuta bei kwanza.

Una malalamiko matatu, tuyatenganishe maana hayatoki sehemu moja. La kwanza paa zito kuinua. Sawa, hilo shokapu iliyochoka inaweza kulileta. La pili, kona iko chini paa likiwa limeshasimama. Hapa shokapu haihusiki, sababu kwenye kempa ya aina yako paa likishafika juu linabebwa na zile mbao mbili za kuinulia, ya mbele na ya nyuma, zile zenye bawaba ndefu katikati zinazojikunja kwa ndani ukishusha na kunyooka ukipandisha. Zikishanyooka na kupita kidogo mstari wa katikati zinajifunga zenyewe na uzito wote unashuka kwenye ubao. Ungeweza kung'oa shokapu zote nne pale na paa lisishuke hata milimita (usijaribu, naelezea tu). La tatu ndo linanichekesha, lachi haishiki. Shokapu kazi yake ni kusukuma paa juu, sasa zingekuwa zimekufa si lingeshuka kirahisi kuliko zamani? Wewe unaning'inia kulifunga. Kwahiyo kati ya dalili tatu moja tu ndo inakubaliana na fundi wako, ya pili haimhusu, na ya tatu inampinga kabisa.

Mimi macho yangu yalienda moja kwa moja kwenye ile sentensi uliyoipitisha kama haina maana, turubai ya kivuli ubavu wa kushoto. Kona iliyolala ni ya kushoto. Nitarudi hapo.

Kabla ya kufungua kitu chochote, hakikisha gari limesimama sawa. Weka pimamaji kwenye sakafu ya kempa, sio kwenye boneti wala kwenye ardhi, na ukihitaji weka vipande vya mbao chini ya tairi mpaka povu likae katikati pande zote mbili. Nasisitiza hili sababu chesisi ya pikapu imeundwa kujipinda, tairi moja ikiwa kwenye tuta bodi ya nyuma inajinyonga na kempa iliyofungwa juu yake inanyongwa nayo, na hapo kona moja itaonekana mbovu wakati ni nzima kabisa. Cheki pia skrubu za kukazia zinazofunga kempa kwenye bodi, kama moja imekazwa mpaka inalia na nyingine inalegea basi umeipinda kempa kwa mkono wako mwenyewe. Na angalia kama kuna kitu kimebanwa kwenye kona, turubai iliyojikunja vibaya au shuka. Niliwahi kuhangaika saa nzima na paa la mtu, nimepima, nimelalia mgongo, nimetoa nadharia, kumbe ni mto wa kulalia.

La usalama nalisema mara moja. Paa likiwa juu na wewe unataka kulegeza bolti yoyote, simamisha nguzo za mbao kwenye kona zote nne, zilizokatwa urefu kamili, na usitegemee mtu akushikilie, mtu anachoka, mtu anapigiwa simu.

Sasa tepu. Pima kila kona kutoka ukingo wa juu wa boksi (yani bodi ya kempa yenyewe, chini ya paa) mpaka ukingo wa chini wa paa, andika namba nne kwenye karatasi. Halafu pima mishazari ya paa, kona ya mbele kushoto mpaka nyuma kulia na kinyume chake, na mishazari ya boksi vilevile. Mstatili ulio sawa mishazari yake inalingana, tofauti ya milimita 3 au 4 mimi siijali maana hata kiwandani hawajengi saa, ila ikizidi sentimita 1 naanza kuamini kwamba fremu imekwenda upande. Baada ya hapo pima huo ubao wa nyuma wenyewe, urefu wake upande wa kushoto na upande wa kulia, kutoka bawaba ya chini mpaka bawaba ya juu. Hapa ndo unajua zile sentimita 2 zimepotelea wapi. Ubao ukiwa mfupi kushoto, tatizo ni ubao na bawaba zake. Ubao ukiwa sawa pande zote lakini paa limelala, paa lenyewe ndo limeinama ile kona. Na kama ubao uko sawa na paa liko sawa ila ukingo wa boksi umeshuka, pole, hiyo ni kazi kubwa zaidi na inabidi kempa ishushwe kwenye gari.

Kwako mimi naweka dau langu kwenye ubao. Sababu ni hii, una kona iliyo CHINI ukifungua na iliyo JUU ukifunga, hivi vitu viwili vinaonekana kugombana ila ubao ulioingiwa na maji unavileta vyote kwa pamoja. Plaiwudi ikinywa maji inavimba unene na tabaka zinaachana, skrubu zikapoteza pa kung'ata, bawaba ikaanza kuteleza kidogokidogo kila unapoinua, hapo ukisimamisha unapoteza urefu. Ukikunja, ule ubao ulionenepa pamoja na vichwa vya skrubu vilivyotoka nje haulali bapa tena, unabaki umeinua kona kama mtu aliyekalia funguo. Na kraa yako ya mwanzoni mwa kuinua inaingia hapohapo, maana sekunde ile ya kwanza ndo mzigo unahama kutoka kwenye kingo kwenda kwenye bawaba.

Usiniamini, thibitisha. Chukua penseli, chora mistari inayovuka kutoka kwenye bati la bawaba mpaka kwenye ubao, sehemu kama sita kushoto na sita kulia, halafu inua na kushusha paa mara tano taratibu. Mstari ukikatika, yani nusu moja imehama, bawaba inatembea. Hiki kipimo hakina gharama na hakidanganyi. Mtu mwingine akiwa anainua polepole weka kiganja chako juu ya bawaba (kiganja, sio vidole katikati ya mkunjo, vidole vinabaki humo), ule mlio utausikia kwa mkono kabla ya sikio na utajua ni skrubu ipi.

Halafu bisibisi. Jaribu kukaza kila skrubu kwa mkono, sio kwa drili. Ikikaza na kugoma, nzima. Ikizunguka bure bila mwisho, mbao pale imekufa. Gongagonga ubao kwa mpini wa bisibisi kuanzia kulia ulikonyooka kuja kushoto, mbao kavu inalia kwa ukali, iliyooza inajibu kama godoro. Ukiwa na kipimo cha unyevu cha kuchoma sindano mbili ndo vizuri zaidi, mbao iliyo chini ya asilimia 15 inaishi vizuri, ikivuka 20 hapo kuvu wameanza kuangalia menyu, na ikikaa karibu na 30 kwa muda mrefu wanakula kweli. Bila kipimo tumia msumari mwembamba, ukizama kama kwenye sabuni umepata jibu.

Sasa maji yametoka wapi? Ndo narudi kwenye vitu vyako vya juu. Paneli za sola umezifunga kwa skrubu zilizotoboa paa, au kwa gundi? Turubai ya kivuli lazima imepigwa skrubu kwenye ukingo wa alumini. Kila tundu ni mlango, silikoni ya kuzibia inaweza kuachia baada ya miaka michache, na maji ya paa yana tabia ya kuingia hapa na kutokea kule, yanafuata boriti ya ndani mpaka yakutane na kona iliyo chini kisha yanadondoka hapo. Kona yako iliyo chini ni ipi? Afu ni mduara mbaya, kona ikilala maji mengi zaidi yanakwenda kwake, na maji yana uzito, dimbwi la mita moja kwa mita moja lenye kina cha sentimita 2 ni lita 20, na lita 20 ni kilo 20, kwahiyo asubuhi baada ya mvua unainua paa lako pamoja na ndoo nzima ya maji.

Na turubai ya kivuli yenyewe ina kilo zake, nyingi zinacheza kati ya 10 na 25 kutegemea urefu, na zinaning'inia NJE ya ukuta, upande mmoja tu. Gari likiruka kwenye barabara ya mashimo kilo 20 hazibaki 20, zinapiga mara mbili au tatu kila tairi linapotua, kwa miaka mitatu. Kwahiyo hata kama ubao ndo umeoza bado kagua ukingo wa paa kushoto. Safisha alumini kwa spiriti, zima taa, mulika tochi kwa kuilaza ubavuni ili mwanga upite juu ya uso, ufa mwembamba unatoa kivuli. Angalia zaidi pembeni ya michomeleo kuliko kwenye mchomeleo wenyewe, joto la kuchomelea linaipunguzia alumini nguvu pale jirani, kwa aina zile zilizokazwa kwa joto kama 6061-T6 inaweza kupoteza karibu nusu ya uimara wake, na ufa unajua hilo kuliko mafundi wengi. Ukiwa na mashaka zipo rangi za kupulizia ambazo wachomeleaji wanatumia, nyekundu inapenya kwenye ufa, unafuta, unapulizia nyeupe, na ufa unajichora wenyewe kama uzi mwekundu.

Kitu kingine ambacho watu wanakifuta kwa kitambaa bila kujua wanafuta ushahidi: vumbi jeusi au la kijivu linalojichora kama mkia kwenye kichwa cha riveti au bolti. Huo sio uchafu wa barabarani. Ni alumini yenyewe inasagika sababu vitu viwili vilivyotakiwa kutulia vinasuguana. Na unga mweupe kuzunguka skrubu za chuma kisichoshika kutu ni jambo jingine, hapo alumini inaliwa sababu metali mbili tofauti zimelowana pamoja, ukirudisha skrubu hizo weka washa za plastiki au dawa ya kuzitenganisha.

Shokapu nimeziacha mwisho makusudi. Zitoe moja moja paa likiwa kwenye nguzo, soma namba kwenye bomba, labda imeandikwa 400N, yani nguvu ya nyutoni 400. Gawanya kwa 9.81 upate kilo, hiyo ni kama 41. Simamisha shokapu kwenye mzani wa bafuni, fimbo chini, vaa glavu, ilalie taratibu kwa uzito wako mpaka ianze kuingia na umwambie mtu asome. Itasoma juu kidogo ya namba iliyoandikwa ukiwa unasukuma na chini kidogo ukiwa unaachia, ni msuguano tu. Unachotafuta ni tofauti kati ya ndugu wawili, moja ikisoma 40 na mwenzake 25 hiyo ya 25 imevuja, na hapo unabadilisha zote mbili za ubao huo, sio moja. Mafuta yakionekana kwenye fimbo hata usipime. Na usiitoboe wala kuifungua kamwe, ndani kuna naitrojeni kwa presha kubwa. Kumbuka pia baridi, gesi ikipoa kutoka nyuzi 20 mpaka 0 inapoteza kama asilimia 7 ya nguvu, kwahiyo paa lililo zito alfajiri na jepesi saa nane mchana halijaharibika, limeamka tu vibaya.

Kwanini nakukataza shokapu kali zaidi? Sababu shokapu haipumziki. Paa likiwa limefungwa, usiku na mchana, iko inasukuma kwenye ubao na kwenye lachi. Ukiiongezea nguvu unaiongezea nguvu ya kung'oa zile skrubu ambazo tayari zinazunguka bure, lachi zinavutwa, katikati ya paa panabinuka juu, na kweli kwa wiki mbili tatu utaliinua kwa kidole na utamsifia fundi wako. Mficha maradhi, unajua linavyoishia.

Ukikuta ubao umeoza: ondoa turubai ya kivuli, ziba matundu, acha pakauke kabisa, halafu badilisha ubao mzima. Najua utajaribiwa kuweka skrubu ndefu zaidi au kujaza epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) kwenye matundu, mimi epoksi naikubali kwa tundu mbili tatu kwenye mbao iliyo kavu, sio kwenye ubao uliovimba. Tumia ubao wa zamani kama kielelezo cha kutoboa mpya ila pima upande wa kulia ulio mzima, usije ukanakili ulemavu. Paka kingo zote epoksi au vanishi ya boti kabla ya kufunga, kingo ndo zinazokunywa, na kwenye bawaba ya juu na kwenye vishikio vya shokapu pitisha bolti za kutokea upande wa pili zenye bati la kusambaza mzigo, badala ya skrubu. Turubai ya kivuli ukiipenda sana ifunge kwenye ukuta wa boksi kama kuna fremu ya kushikia, au tafuta ile ya kusimamisha yenyewe chini. Halafu ndo upime upya uzito wa kuinua kwa mzani wa ndoano, ule wa mabegi, ukiufunga kwenye mpini wa paa na kuvuta. Ukitoa sola na vingine ukakuta bado ni zito kuliko shokapu zinavyobeba, hapo sasa twende kwenye hesabu ya shokapu, na tutaifanya kwa namba.

Niandikie ile mistari ya penseli ilisemaje.

SWALI: Fundi habari. Ya kwangu inainuliwa kwa winchi ya mkono na waya, nguzo nne za bomba ndani ya bomba. Kona ya mbele kulia inachelewa, inaanza kupanda zenzake zikiwa zimeshafika robo. Nimemwagia mafuta kila mahali mpaka kwenye winchi. Hakuna mabadiliko.

JIBU: Kwenye winchi? Yenye breki? Breki ya winchi nyingi za aina hiyo inafanya kazi kwa msuguano, ikilowa mafuta inaweza kuachia mzigo ukiwa umeliinua paa na umeingia ndani. Usilitumie hilo paa mpaka winchi ifunguliwe isafishwe au ibadilishwe. Anza na hilo leo.

Kuhusu kona, mantiki yake ni nyepesi, kitu kinachotumiwa na kona zote kikiharibika zinaumwa zote, kona moja ikiumwa peke yake mkosaji yuko kwenye njia ya kona hiyo tu. Kwahiyo achana na winchi na waya mkuu, fuata waya wa mbele kulia mwanzo mpaka mwisho. Upanguse kwa kitambaa, usipitishe mkono mtupu, nyuzi zilizokatika zinanasa kitambaa na mkono zinauchana. Kagua zaidi pale waya unapoingia kwenye kibano cha mwisho na pale unapozunguka puli, huko ndo unakatikia. Nyuzi zikionekana zimekatika badilisha, hakuna kuunga. Puli izungushe kwa kidole, ikigoma waya unaburuzika juu yake na utakuta imechimbwa mfereji. Na angalia kishikio cha puli kama kimepinda, sababu waya kuonekana mrefu haina maana umevutika, inawezekana puli imesogea karibu na njia imefupika. Kama vyote ni vizima, basi nguzo yenyewe ni kavu au imepigwa denti, pandisha paa uweke kiganja kwenye kila nguzo wakati wa kushusha, iliyo mbovu inatetemeka na inashuka kwa kurukaruka.

SWALI: Paa la umeme, mota nne kwenye kona. Mota moja inasimama njiani paa linabaki limepinda kama kofia. Fundi wa umeme anasema ni mota, mwingine anasema ni kompyuta yake. Nimechoka.

JIBU: Pole dada, wote wawili wanakisia. Pima volti pale pale kwenye waya wa mota ile WAKATI inasukuma, sio ikiwa imepumzika, maana waya mbovu inaonyesha volti nzuri mpaka uidai mzigo. Betri ikisoma 12.5 na kwenye mota unapata 10 basi zile 2.5 zimeliwa njiani na kiungo chenye kutu au waya mwembamba, na mota haina kosa. Volti ikiwa nzuri na bado inasimama, zima umeme, weka nguzo kona nyingine tatu, nyanyua kona hiyo kwa mkono juu na chini. Ikicheza zaidi ya milimita 2 au 3 wakati wenzake hawachezi, nati ya ndani inayopanda kwenye skrubu imelika, na nati ikiisha kabisa paa linashuka lenyewe, kwahiyo usiache iendelee. Isipocheza, huenda mota zimepoteza hesabu tu, nyingi zinahesabu mizunguko ili ziende pamoja, shusha mpaka chini kabisa na ushikilie swichi kama kitabu cha mfumo wako kinavyoelekeza zianze kuhesabu upya. Na usilazimishe paa lililopinda kama kofia liendelee kupanda, pale unapinda fremu kwa umeme.

SWALI: Turubai yangu inachanika kona ileile, nimeshona mara tatu, sasa nataka kununua mpya nzima.

JIBU: Mara tatu kona ileile! Turubai haitakiwi kubeba paa, ikivutwa kona moja mpaka ichanike maana yake kona hiyo imekwenda juu au nje kuliko nyingine, au paa linayumba upepo ukipiga na turubai ndo inalizuia. Simama ubavuni, sukuma paa kwa kiganja, tazama bawaba na vishikio wakati mwenzako anasukuma. Pima kona nne kama nilivyomwambia yule wa kwanza. Turubai mpya ukiifunga kabla ya kupima itachanika palepale, tena itauma zaidi maana ni ya gharama.

SWALI: Mafuta gani niweke kwenye shokapu za gesi zisilie?

JIBU: Hakuna. Fimbo yake ipanguse kwa kitambaa kisafi basi, mafuta na grisi vinashika vumbi na vumbi linachana sili, ule mpira unaozuia gesi isivuje. Inayolia mara nyingi ni kile kifundo cha mwisho wa shokapu, kichomoe, weka grisi kidogo kwenye kile kigololi chake, rudisha. Na ukirudisha hakikisha fimbo inaangalia chini paa likiwa limefungwa, ndani kuna mafuta kidogo ambayo kazi yake ni kukaa juu ya sili isikauke. Nimeona nyingi zimefungwa kichwa chini miguu juu, halafu mtu analalamika hazidumu.